Mama Mebarka, Nitakubusu Kwenye Joto

Mwaka umezunguka, Mama yetu, tangu asubuhi ile ya baridi hapa Biskra ulipotutoka, na kiti chako cha dirishani, kule wodi ya kusafisha damu, kikakaliwa na mwingine.

Ulikuwa mshonaji. Mtaani kwetu hakuolewa binti bila mkono wako kupita kwenye nguo yake. Ulipenda tende kufa, na figo ziliposhindwa kazi daktari akakukataza. Basi ukawa unainusa moja, unairudisha sahanini, unacheka: "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nasi tulicheka, roho zikituuma.

Watu husema ulikuwa jasiri. Sisi wa nyumbani tunajua ulivyoogopa. Mafua yalipoingia mjini, wazima walipiga chafya siku mbili tatu wakarudi sokoni. Nyinyi wa mashine miili yenu haikuwa na nguvu ya kupigana. Kwanza kiti cha Lakhdar, fundi redio, kikabaki kitupu, kisha cha mwalimu Fatiha. Siku hiyo ulirudi ukaketi sebuleni na viatu miguuni.

"Mama, jifungie ndani mpaka baridi ipite," mwanao Slimane alikuambia.

"We mtoto, una akili kweli? Nikijifungia, maji yananijaa mwilini nakufa. Nikienda, kikohozi kinanisubiri mlangoni. Haya, nitajie njia ya tatu!"

Ukaenda, mara tatu kila wiki, barakoa usoni na shali juu yake. Hata wajukuu ukawakataza mabusu. Ukawa unaweka mkono kifuani tu, basi. Walionuna uliwaambia, "Nuneni mchoke. Nitawabusu kwenye joto."

Kisha Haja Warda, jirani yetu wa ukuta mmoja, akarudi kutoka Maka. Nani humnyima shavu mtu aliyetoka kuzuru kule? Alikufungulia mikono. Ulisita, Mama, tulikuona ukisita. Halafu ukashusha shali na barakoa, mkabusiana mara nne kama ilivyo desturi. Kesho yake tukamsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta. Ulitutazama tu.

Homa ilipokushika hukuweza hata kulala kitandani kama wagonjwa wengine, maana mashine haingoji mtu apone. Hospitalini wakakutenga kwenye chumba cha peke yako. Ulimshika mkono Nadjet, kitinda mimba wako, ukamwambia, "Mwanangu, naogopa. Naogopa sana." Mapafu hayakuhimili.

Hakuna aliyemwambia Haja Warda kitu. Anajua mwenyewe.

Sasa pokea habari yetu, Mama, ingawa tungetamani isikufikie. Ugonjwa wa figo wa ukoo wako umemfikia Nadjet. Tangu kiangazi anakaa kwenye kiti kile kile cha dirishani. Baridi imeanza tena, na juzi mgonjwa wa kiti cha pili alikohoa. Tunaogopa, Mama. Mtu akibisha hodi tunashtuka.

Jana Haja Warda alileta sinia la kuskusi, chakula cha sadaka ya kukukumbuka. Nadjet, kwa mazoea, akainuka kumkimbilia. Haja akarudi nyuma mpaka ukutani, mkono kifuani, machozi yakimbubujika.

"Baki hapo hapo, binti yangu, nakuomba! Nitakubusu kwenye joto."

Nadjet alilia kama mtoto. Sote tulilia.

Kwa hiyo nanyi mtakaokuja Ijumaa kumsomea Mama hitima, karibuni, mlango u wazi. Mwenye kikohozi amwombee akiwa kwake, dua itafika. Mzima aje, asalimie kama Mama alivyosalimia wajukuu, mkono kifuani.

Unakumbukwa na wanao Slimane na Nadjet, mkweo Houria, wajukuu zako wote uliowanyima mabusu, na jirani yako Haja Warda.

Mioyoni mwetu hutoki, Mama. Tuombee joto liwahi.