Uso Juu ya Mlango wa Mashariki

Wilber, Nebraska, Septemba 1929

Kwako Vaclav, mume wangu,

Ng'ombe amezaa, mahindi yamekauka vizuri, na mtoto ameota jino la pili.

Barua yako niliipata. Kurasa nne ni za hilo jengo la bunge la jimbo unalolichongea mawe: mnara wake, nguzo zake, hata miti inayopandwa uani. Sisi tumepata mistari miwili. Jirani yetu Bi Hruska ananicheka: "Mumeo kaoa jiwe, mwenzangu. Na huyo mjane aliyempangisha chumba, naye ni jiwe?"

Basi Jumapili nilipanda treni bila kukuambia, nije nimwone huyo mjane. Nikapitia kwenye jengo kwanza. Nikainua macho, nikamwona mwanamke uliyemchonga juu ya mlango wa mashariki. Ana kovu langu kidevuni, lile la mundu.

Nililia. Halafu wivu ukanishika kuliko mwanzo. Yule ana miaka ishirini, hatazeeka, na mikono yako iko usoni mwake kila siku. Nikarudi stesheni bila hata kukutafuta.

Mmalize upesi. Mimi huku nazeeka.

Mkeo,
Bozena