Pilau Kabla ya Kuondoa Kilio

Jumapili, 17 Desemba 2023

Ibada ndefu. Kwaya imeanza nyimbo za Noeli. Nimekaa benchi la nyuma, watu wakinisalimu kwa sauti ya chini kama wanaoogopa kuniamsha. Pole, Mwalimu. Pole sana, Mwalimu. Tangu tulipomzika mke wangu Agnesi mwezi wa tisa, jina langu limekuwa Pole!

Hakuna aliyeniuliza Noeli nitakula wapi. Si ubaya wao. Hapa Rumonge nyumba yenye kilio haialiki wala haialikwi, mpaka siku ya kuganduka, ndugu wakutane, waseme maneno yao, wanywe, kilio kiondolewe. Ya kwetu imepangwa Februari. Huko Katumba, Tanzania, nilikokulia ukimbizini, msiba ulikuwa na arobaini yake, basi. Kwa kalenda ya Katumba nimeshamaliza. Kwa ya hapa, bado.

Jioni mkate na chai. Tena.

Jumatatu, 18 Desemba

Anita amepiga simu kutoka Bujumbura. Sauti imechoka — kazi ya uuguzi inammaliza binti yangu. Nikamuuliza, Noeli unakuja? Kisha akasema, polepole kabisa, kwamba hataki kuja kula tena maharage ya kilio katika nyumba ile.

Nilimwelewa. Wiki nzima ya maziko ilikuwa maharage na ugali wa muhogo, sufuria ikiisha inabandikwa nyingine. Tangu hapo hajakanyaga huku.

Nikajibu bila kufikiri: "Nani kasema maharage? Napika pilau!"

Halafu akacheka. Wewe, Baba? Pilau? Alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yake augue. Akasema basi, esansi ikipatikana, maana petroli imeadimika nchi nzima, atakuja.

Simu imekatika, nimebaki nalitazama jiko. Mimi na pilau wapi na wapi! Hata ugali wangu una mabonge. Lakini akija, nitakuwa na mtu wa kula naye. Nimechoka kusikia nikitafuna peke yangu.

Jumatano, 20 Desemba

Nimemwambia Ndayisaba. Afadhali ningenyamaza. Ni muramu wangu, yaani shemeji, kaka yake Agnesi, alirudi kutoka Tanzania miaka mingi kabla yetu, na sasa anajiona yeye ndiye mwenye mila zote kuanzia Muhuta hadi Kigwena. Nilimkuta kwenye michikichi yake.

"Pilau, muramu? Mu nyumba iko na kilio? Hatuyaganduka bado!"

Nikasema ni chakula tu. Akatikisa kichwa. "Maharage ni chakula. Pilau ni sherehe. Bantu batasema umefurahi."

Umefurahi! Neno hilo limenichoma. Nikataka kumjibu vibaya, nikameza. Mwishowe akalegea kidogo: labda samaki. Samaki hana ubaya. Mukeke wa kukaanga na ugali, mtoto ale, imetosha.

Nilirudi nikinung'unika njia nzima. Kisha hasira ikapoa nikaona kwamba naye anamlilia dada yake, na hana njia nyingine ya kumlinda ila hii. Hilo limeniudhi zaidi, maana sasa siwezi hata kumchukia vizuri.

Basi, samaki. Anita anampenda mukeke tangu utotoni.

Ijumaa, 22 Desemba

Samaki hakuna!

Nimekwenda ufukoni asubuhi, mitumbwi yote imelala juu ya mchanga, wavuvi wanashona nyavu na kupiga soga. Mwezi umekua. Mwezi ukiwaka, samaki hawazifuati taa, na wavuvi wa usiku wanapumzika. Kila mtoto wa hapa anajua. Nami nimeishi kando ya ziwa hili miaka yote hii, nikapanga mlo wa Noeli bila kutazama juu!

Jephté, anayechuuza samaki, nikamuuliza habari za Magara, kijiji cha ufukoni kwenye njia ya Bujumbura. Akacheka. "Hata Magara iko busa, hakuna kitu, Mwalimu. Ungoje mwezi ipungue." Alichokuwa nacho ni ndagala kavu, hawa dagaa wa ziwani.

Ndagala kavu siku ya Noeli. Nimemwandikia Anita ujumbe kwamba asisumbuke na safari. Nimeusoma. Nimeufuta.

Jumamosi, 23 Desemba

Asiya wa nyumba ya pili ameingia na salamu zake za juu juu. Kila Noeli Agnesi alikuwa anampelekea Ismaili, mume wa Asiya, kuku amchinje, ili sahani ikivuka kwenda kwao nao wale bila wasiwasi. Idi ikifika, yao inavuka kuja kwetu. Asiya hakuzunguka: "Mwalimu, mwaka hii kuku iko ama haiko? Muzee anauliza."

Nikamweleza yote: kilio, shemeji, mwezi. Amesikiliza huku akiangalia vyombo vyangu vichafu. Akasema kwao mjane anakaa eda, lakini mwanamume hawakumwekea kitu. "Labda ndiyo maana munaharibika haraka."

Nikacheka. Kweli nikacheka, ndani ya nyumba hii! Halafu nikaona haya, nikatazama mlangoni kama mwizi.

Alipoondoka nilikaa sana. Ndayisaba anamlinda Agnesi. Sawa. Lakini Agnesi yuko salama sasa. Anita je? Asipokuja Noeli hii, Pasaka itakuwa rahisi zaidi kutokuja. Halafu inakuwa mazoea. Namjua, ni mkaidi — damu ya nani, sisemi.

Nimepiga hodi kwa Ismaili. Kuku iko.

Jumapili, 24 Desemba

Nimemkamata jogoo. Yaani ni yeye aliyenizungusha uwanja mzima, mimi na magoti haya! Wapita njia wamesimama kutazama. Ndayisaba lazima ameshasikia.

Anita ameandika: mabasi hayana esansi, ila kuna mtu wa kazini kwake ana gari, wataondoka kesho asubuhi. Inshallah, kasema Asiya. Nimefagia chumba chake. Nimemenya kitunguu kimoja kwa majaribio, nikalia, na si kwa sababu ya kitunguu tu. Ninamtaka Agnesi. Hata aje kunigombeza tu.

Jumatatu, 25 Desemba. Noeli

Sikwenda kanisani. Mungu anajua niko wapi.

Ismaili amechinja, Asiya amenipa viungo na kunisimamia mpaka vitunguu vikawa vyekundu, kisha akaenda kwake. Mchele nimepima kwa bakuli la Agnesi, kama nilivyomwona akipima siku zote. Sijui kupika kidogo! Sufuria imejaa, chakula cha ukoo mzima, na aliyealikwa ni mmoja. Nimefunika, nimepalia makaa juu.

Anita amepiga. Gari limekwama Magara, mwenzake amekwenda kutafuta esansi. Nimesikia mawimbi nyuma ya sauti yake. "Baba, usifunue kabla sijafika. Nataka nione mwenyewe."

Nimeahidi.

Kisha Ndayisaba. Amesimama kwenye ua na suti yake ya kanisani, pua juu. Harufu imefika barabarani, hakuna cha kuficha.

"Umepika."

"Nimepika."

"Ya nani?"

"Ya Anita."

"Iko wapi yeye?"

"Magara. Gari halina esansi."

Nilidhani atageuka. Amevuta kiti, amekaa hapa kibarazani. Amesema atamngoja mtoto wa dada yake, lakini yeye hali. Nami naandika ili nisimtazame.

Saa zinakwenda. Watu wanapita na nguo mpya, wanatuona, wanapunguza sauti. Asiya amechungulia, amerudi ndani. Nimempigia Anita, haipatikani. Harufu imeanza kubadilika. Nikifunua, nitakuwa nimevunja ahadi, tena mbele ya huyu. Nisipofunua—

Ndayisaba amesema, bila kunigeukia: "Muramu, inaungua."

Sijasogea.

"Agnesi hangeacha iungue," amesema, na sasa anavua koti, anaiendea sufuria.