Bila Kadi Usikanyage

Jumatatu, 3 Machi

Nimeandikisha watu arobaini na mmoja kabla ya saa saba mchana! Arobaini na mmoja! Kama bima ya afya ingekuwa timu ya mpira, mimi ndiye mshambuliaji, kipa na refa. Mji huu haujawahi kuzaa mdomo kama wangu. Wenzangu wenye vyeti, meza ya pili, wamepata kumi na wawili. Mwalimu mstaafu kaikimbia meza yao kaja kwangu — mimi niliyeacha shule kidato cha pili!

Siri yangu? Kibwagizo. “Bila kadi usikanyage! Utafia mlangoni wakitafuta jina lako!” Watu wanacheka, halafu wanashtuka, halafu wanatoa kidole gumba. Kimashine kinalia tii. Umekwisha, ndugu.

Meza yangu iko chini ya dirisha la chumba cha dharura. Mchana daktari akatoa kichwa. Tunamwita Mama Kwanza, maana neno lake ni hilo: kwanza mtu, karatasi baadaye. Akasema, “We kijana, usinitishie wagonjwa. Mlango huu haujawahi kuuliza kadi.”

“Natania tu, daktari.”

“Mgonjwa hajui utani.”

Nikashusha sauti mpaka alipofunga dirisha. Kisha nikapandisha.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi kaja kujiandikisha. Huyu ndiye kanilea, yeye na cherehani yake, hadi shati hili la kazini kalishona yeye. Kapanga foleni kama mtu baki, hataki kupendelewa. Nikamsikia akimwambia aliye mbele yake, “Yule pale ni wangu. Mdomo karithi kwa baba yake, sura kachukua kwangu.” Mwenzake akamwambia basi pole kwa sura. Vicheko!

Kadi yake itatoka Jumatatu. Akauliza, “Na mpaka Jumatatu nisiumwe?”

Nikasimama juu ya kiti. “Uthubutu! Bila kadi —”

Foleni nzima ikaitikia: “Usikanyage!”

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Nilijiona mfalme.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Watu tisa tu.

Kaletwa fundi wa mabati aliyeanguka paani. Hana kadi, hana ndugu, hana hata viatu. Karani akaanza kuuliza namba ya bima. Mama Kwanza alikuwa kashakandamiza jeraha kwa mikono miwili. “Kwanza damu isimame,” akasema. “Hizo namba zako hazivuji.”

Nimeyaona haya kwa macho yangu, dirishani. Nikawaza nini? Nikawaza: huyu mama ataniharibia soko.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepita kwa Shangazi jioni. Mkasi ukamponyoka mara mbili. Anasema mkono wa kulia umekufa ganzi, halafu unarudi. Nikamwambia hata mkasi umekuchoka, kizee. Akanirushia kipande cha kitambaa — kwa mkono wa kushoto. Hakunipata.

Akauliza kadi. Nikamwambia Jumatatu, haraka za nini, kama bibi harusi? Akauliza tena mlangoni, nikiwa natoka. Nikamjibu kwa kibwagizo.

Watu wa wiki: mia na themanini. Nimevunja rekodi. Niandike kwa herufi kubwa? Baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nyuma ya fomu. Niko kwenye benchi la dharura, upande wa ndani.

Kadi yake imetoka asubuhi. Niliitia mfukoni mwa shati, nimpelekee kwa mbwembwe. Hata meza sijaifuta, nikamwona kinyozi jirani yake na mkewe wamembeba mtu. Nikaanza kutania, leo mmeleta mzigo gani?

Alikuwa Shangazi. Mdomo umepinda. Mkono wa kulia unaning'inia kama si wake.

Kinyozi akamweleza Mama Kwanza: imeanza jana, alfajiri. Walitaka kumleta, akagoma. Alisema kesho kadi inatoka, atakuja na heshima yake, hataki kumwaibisha mtoto wake kazini.

Mama Kwanza alikuwa anammulika machoni. Hakugeuka. “Kiharusi hakisubiri. Saa zile za mwanzo ndizo nilizokuwa nazitaka. Sasa huu mkono — sijui. Nani kamwambia asubiri kadi?”

Kinyozi akaangalia ukuta. Jumanne alikuwepo kwenye foleni. Aliitikia na wenzake.

Nikafungua mdomo. Mdomo huu! Ukauliza eti machela iko wapi.

Shangazi akainua kichwa. Maneno yake yamekuwa uji, lakini nilisikia. “Watu,” akasema. “Watu tu.” Akanishika mkono wa shati kwa vidole vya kushoto, akaning'ang'ania mpaka walipomsukuma ndani.

Kadi bado iko mfukoni. Mpaka sasa hakuna aliyeiuliza.

Nje foleni imeshaanza, naisikia. Mtu anaita, “Bwana Kadi, leo vipi, umemeza ulimi?” Wanacheka. Wengine wamekianza kibwagizo wenyewe.

Mama Kwanza kapita mara moja, mbio. Kaniambia nisiondoke, ana maswali juu ya mgonjwa. Atauliza tena lile. Naandika nisije nikalikimbia: si watu. Ni mimi. Nilimwambia mara tatu, na ile ya mwisho mkasi ulikuwa bado uko sakafuni —