Rudi Ukaiamshe Njia

Mhunze, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Leo nitakujibu bila kuficha kitu. Sisi ni wazima. Ng'ombe wa babu yako amezaa, na babu anajisifu kana kwamba amezaa yeye.

Unaniuliza ufanyeje, maana mtihani wa chuo unakaribia na simu inakuita kabla hujamaliza ukurasa.

Nilipokuwa msichana, nikitoka kisimani, bibi yangu hakunipa michembe ya viazi mpaka nimweleze nilichoona njiani. Siku moja nikamjibu, "Sikuona kitu, bibi."

Akacheka. "Njia nzima imelala? Rudi ukaiamshe!"

Nilirudi nimenuna, macho chini. Ndipo nikaona nyayo za kanga. Nikazifuata hadi kichakani, nikakuta mayai tele! Jioni ile tulikula michembe kwa mayai, na kesho yake nilikwenda kisimani bila kutumwa.

Simu usiitupe, nitaisikiaje sauti yako? Ila kesho ukitoka chuoni, iache mkobani mpaka ufike chumbani, kisha ufungue kitabu macho yakiwa bado yanatafuta.

Nijibu upesi, kwa barua: umeona nini njiani?

Bibi yako,
Milembe