Picha ya Ukuta wa Butihinda

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Gitega
Tarehe: 18 Machi 2025
Jina: Jeska Nibitanga
Umri: miaka 31
Kazi: mtengenezaji wa taarifa za biashara za mtandaoni
Makazi: Gitega mjini
Lugha: Kiswahili (shahidi amekulia Tanzania)

Naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, bila kushurutishwa.

Namfanyia kazi Mama Zohra Rehmtulla, mfanyabiashara wa maharage mwenye maghala Gitega na Muyinga. Taarifa ninayomtengenezea haichapishwi. Ni kurasa za mtandaoni zilizounganishwa: ukibofya jina la ghala unafika kwenye ukurasa wake, na kurasa hizohizo hugeuka slaidi za kuonyesha ukutani. Kila msimamizi wa ghala nimempa nywila aweke picha na habari zake. Akibadilisha ukurasa, slaidi nayo imebadilika.

Mnamo tarehe 11 Machi, asubuhi, Bwana Moez, mtoto wa Mama Zohra na meneja wake, alikuwa akiwaonyesha wanunuzi taarifa hiyo ofisini Gitega. Alipobofya Butihinda, ghala mojawapo la Muyinga, mahali pa picha ya magunia palitokea ukuta wa ghala uliopasuka toka juu hadi chini, na mkono wa mtu umezama ndani ya ufa. Chini paliandikwa: "Watu saba wanafanya kazi humu."

Bwana Moez alizima mashine, akasema wapinzani wa biashara wameivamia taarifa. Mchana akaja kushitaki hapa.

Nilipofungua kumbukumbu za ukurasa nilikuta picha imewekwa asubuhi ileile kwa nywila ya Kasilda, msimamizi wa Butihinda. Jambo moja lilinisumbua. Picha ilikuwa imekatwa kwa uangalifu ijae slaidi, na maandishi yamekaa pale ninapoyaweka mimi. Mtu anayetaka kuharibu hajali hayo. Nikataka kujua.

Kesho yake nilikwenda Butihinda. Kasilda hakukana.

"Ni mi niliweka, dada," alisema. "Nilipiga simu Gitega, wakaniambia ngoja. Nikapiga tena, ngoja. Nikasema, hii picha ikikuwa kubwa mbele ya wageni, bado wataniambia ngoja?"

Nilimuuliza kama hakuogopa kufukuzwa kazi. Alijibu kwamba aliogopa, ila kila asubuhi aliogopa zaidi kufungua mlango.

Nilimpigia Mama Zohra. Alifika tarehe 13 bila kumwambia mwanawe. Aliingiza mkono kwenye ufa, kisha akaagiza watu watoke kwanza, magunia yafuate.

Tarehe 15, saa za kazi, mvua ikinyesha, ukuta ule ulianguka kwa ndani. Mimi sikuwepo, nilifika jioni nikaukuta chini. Hakuna aliyeumia.

Bwana Moez hajaondoa mashitaka. Nimeulizwa kama taarifa iliingiliwa. Hapana. Kasilda aliingia kwa nywila niliyompa, akaweka habari za ghala lake, na ndiyo kazi ya ukurasa ule.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na niko tayari kuyarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: J. Nibitanga

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Aliomba kila mahali nilipoandika "mtuhumiwa" paandikwe "Kasilda", kwa kuwa ndivyo alivyotamka. Nimerekebisha.

Bonifasi Matata, afisa wa upelelezi