Wanja wa Mama kwenye Ukuta wa Maktaba

Jumamosi, jioni. Bagamoyo.

Joto, na hata jani halitikisiki. Nimeoga tangu nifike na tayari nimelowa tena. Shajara yangu, leo sina salamu ndefu. Naandika haraka, kwa hiyo ukiona herufi zimerukana, nivumilie.

Nimeshtuka, na mshtuko wenyewe haujanitoka.

Kwa anayeisoma shajara hii kwa mara ya kwanza: mimi ni muuguzi, na sasa nasoma shahada ya uzamili kwenye chuo cha afya Dar. Wiki nzima nalala huko. Mwanangu Rukia, wa miezi minane, anabaki hapa kwa mama yangu. Leo asubuhi maktaba ya chuo ilikuwa na warsha kwa sisi tunaosoma huku tunafanya kazi: namna ya kutafuta makala za utafiti, kutumia nywila ya chuo kufungua majarida ambayo wengine huyalipia, kupanga marejeo, mambo hayo. Nilikwenda shingo upande. Nia yangu ilikuwa cheti, na kiyoyozi.

Kabla hatujaanza nikamwonyesha picha ya Rukia mwanafunzi mwenzangu, Godlisten, daktari kijana wa kutoka Moshi. Akaikodolea macho, akasema, "Dada Zai, mtoto mmemchora kama anaolewa." Meza nzima ikacheka.

Mimi mzaha juu ya kwetu siuwezi. Nikamjibu kwamba huo ni wanja wa manga, unatia nuru machoni na kumkinga mtoto na husuda, na kwamba bibi zangu waliupaka na wakasoma msahafu bila miwani mpaka uzeeni. "Una ushahidi?" akauliza, kwa ule mdomo wa kidaktari. Nikamwambia ushahidi ataupata leo leo, hapa hapa.

Inabidi nieleze kidogo. Mtaani kwetu, ukisema wanja umemsema mama yangu, Bi Fatuma. Jiwe lake jeusi linalong'aa huletewa na jamaa wanaotoka Umangani, huko Uarabuni. Mama mwenyewe hulitwanga kwenye kinu kidogo cha shaba, akalichekecha kwa kitambaa laini hadi liwe unga usiosikika kwenye vidole, akaujaza kwenye vidau vidogo. Mtoto akizaliwa hapa jirani, siku ya arobaini yake kidau cha Bi Fatuma lazima kifike. Hauzi. Kwake yeye kuuza wanja wa mtoto ni sawa na kuuza dua.

Basi mkutubi wetu, Dada Neema, msichana mchangamfu wa Njombe anayeongea kama anakimbizwa, akatuambia kila mmoja aandike swali lake la kujifunzia. Langu likawa: faida za wanja kwa macho ya watoto wachanga. Nikabonyeza. Hakikuja kitu. Nikanyoosha mkono na kulalamika kwamba hizi kanzidata za wenzetu hazitujui watu wa pwani. Neema akaja, akalisoma swali, akalipenda, akaomba alitumie kuwafundishia wote. Nikasema karibu sana, huku namtupia jicho Godlisten.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Akaunganisha kompyuta yangu na projekta, swali langu likatokea ukutani. Akasema lina kasoro mbili. Kwanza, wanja ni jina letu sisi. Walioandika makala wanaweza kuwa wameuita kohl, au surma, kwa hiyo tuyaongeze majina hayo. Pili akagusa lile neno la faida. "Dada yangu, hapa umeshajijibu kabla hujauliza. Litoe, tuone watu wamekuta nini."

Nikalitoa mwenyewe, kwa kidole changu.

Ukuta ukajaa. Kila mstari ulitaja risasi. Siyo ya bunduki, ni yale madini, ya kwenye betri za magari, ambayo darasani tulifundishwa kwamba humharibu mtoto ubongo polepole, bila homa, bila kikohozi, bila dalili ya kumfanya mama akimbilie hospitali. Wanja, watoto, risasi kwenye damu. Neema akateremsha ukurasa, yakaja majibu mengine. Yapo yaliyosema wazi kwamba si kila wanja, kwamba upo wa masizi na mafuta usiokuwa na shida hiyo. Ila yalieleza jiwe: jeusi, linang'aa, zito kuliko ukubwa wake. Mimi jiwe hilo nimelishika tangu utotoni. Nililibeba kwenye kanga nikamshangaa mama jinsi alivyolipenda.

Hakuna aliyecheka. Godlisten akainama akaniambia taratibu, "Zai, pole." Afadhali angecheka.

Nikamuuliza Neema kama makala hizo zina maana ya wanja wetu. Hakunidanganya. "Jiwe la kwenu hakuna aliyelipima. Hizi zinasema mawe ya namna hiyo mara nyingi huwa na risasi. La mama yako halijulikani mpaka lipimwe. Na mtoto hivyo hivyo." Kisha akaendelea kufundisha namna ya kutenganisha utafiti imara na ulio dhaifu. Naamini alifundisha vizuri. Sikusikia hata neno. Nilikuwa namwona Rukia anavyojifikicha macho kwa ngumi akiwa na usingizi, halafu ngumi hiyo hiyo anaitia mdomoni na kuinyonya.

Mimi muuguzi. Mimi ninayesimama kliniki kuwahimiza wanawake wenzangu wachemshe maji ya kunywa!

Mapumziko ya chai yalipofika nikachukua mkoba nikaondoka. Cheti sijui nani amekichukua. Njiani nilimpigia mama, simu ikaita mpaka ikachoka.

Nilimkuta chumbani, amejifukiza udi, amevaa kwa kutoka. Rukia yuko mkekani, macho yamezungushiwa wanja mbichi, kwenye paji la uso kitone kikubwa. Sikuamkia. Nilimnyakua mtoto, nikatia mafuta ya nazi kwenye ncha ya kanga, nikaanza kumfuta.

"Wee Zainabu! Salamu huna, na mtoto unamharibu? Atatokaje mbele za watu uso mtupu hivyo?"

Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuniangalia. Nikamweleza yote hapo hapo, vibaya, bila mpangilio. Kwanza alikasirika. Akaniuliza kama huko chuo ndiko tunakofundishwa kuwatia wazazi ila. Akasema alinipaka mimi mwenyewe, na macho hayo hayo ndiyo ninayosomea vitabu. Nikasema ni kweli, mama. Nikamwambia tena habari ya jiwe na ya damu, pole pole sasa, kwa maneno ya nyumbani, na kwamba hatuna hakika, na kukosa hakika ndiko kunakonitisha.

Akamtazama Rukia. Kisha akauliza jambo moja tu. "Mtoto anaumwa?"

"Sijui, mama. Jumatatu nampeleka akatolewe damu ipimwe."

Akakaa ukingoni mwa kitanda kama aliyesukumwa. Nilidhani sehemu ngumu ya siku yangu imekwisha. Ghafla akasimama. "Mwanahamisi!"

Mwanahamisi ni jirani yetu, nyumba ya tatu. Amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, amesemwa, amependekezewa kila dawa, na sasa Mungu amempa mvulana. Leo ilikuwa arobaini yake. Kidau cha mama kilikwenda tangu asubuhi, kwenye sinia pamoja na kanga na ubani, na baada ya sala ya alasiri ndipo mtoto angepakwa na kutolewa nje.

Mtu asiyekuwa wa huku ataona ni jambo dogo, uende ukakichukue. Si dogo. Wanja ule ndio kinga ya mtoto dhidi ya jicho la watu. Kwenda kuurudisha mbele ya kadamnasi ni kama kusema mtoto huyu na aachwe wazi, apatwe na litakalompata. Na unamwambia nani? Mwanamke aliyemsubiri mtoto huyo mpaka akakata tamaa. Afanyaye hivyo huitwa hasidi, na jina hilo hapa kwetu halifutiki. Nikamsihi mama aniache niende mimi, au tumnong'oneze Mwanahamisi wageni wakishatawanyika.

"Wakishampaka?" akaniuliza, akiwa ameshafika mlangoni.

Nilimfuata mbio, Rukia begani. Uani wanawake wamejaa kwenye mikeka, ubani unafuka. Bibi mkunga amempakata mtoto, kijiti ameshakichovya. Mama yangu, ambaye husalimia hata paka, aliingia bila hodi.

"Usimpake."

Mama akanyoosha mkono. "Kidau hicho nipe. Nimekosea kukileta."

Uso wa Mwanahamisi sitausahau. Nyuma yangu sauti ikasema, bila hata kujificha, "Kumbe miaka yote alikuwa nalo moyoni." Nikataka ardhi ipasuke nizame. Nikafungua kinywa kueleza, yakatoka madini, yakatoka utafiti, yakatoka na maneno ya Kiingereza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Hapo ndipo nilipojua kwamba kusoma makala na kumweleza mzazi ni elimu mbili, na mimi nina moja.

Mama akanikatiza. Alimchukua Rukia kutoka mikononi mwangu, akamgeuzia wale wanawake, na uso wake ule mtupu unaong'aa mafuta.

"Huyu ni mjukuu wangu. Nimempaka mimi, kwa mkono wangu huu, wanja wa jiwe hilo hilo. Jumatatu anakwenda kutolewa damu, waangalie kama nimemdhuru. Wako, Mwanahamisi, bado hajaguswa. Kunichukia nichukie, mwanangu. Lakini asipakwe."

Mwanahamisi akainuka, akachukua kidau mkononi mwa mkunga, akamkabidhi mama bila kumwangalia, akarudi kukaa na mwanawe kifuani. Shughuli ikaendelea. Sisi hatukukaribishwa kahawa.

Tangu turudi, wanawake wanakuja. Kila mmoja na kidau chake amekifunga kwenye pindo la kanga. Wapo wanaosalimia vizuri, wapo wanaokiweka barazani na kugeuka kama wanaotupa taka. Wote wanauliza swali moja: na wangu, Bi Fatuma? Na mama anawajibu wote sawasawa, "Sijui, mwanangu. Apimwe." Anawataja watoto kwa majina, anauliza wanakula vizuri, wanatembea, wanasema. Nimemtazama akifanya hivyo jioni nzima, mgongo umenyooka. Mimi ndiye ninayelia.

Nimeshaandika majina ya hao watoto wote kwenye simu. Nitamwomba Neema anisaidie kutafuta maabara inayopima, kwa sababu nasikia si zote zinazofanya kipimo hicho, na Godlisten, niliyemwandikia habari ya kipimo, amejibu kwamba Jumatatu atakuwa mapema kwenye geti la chuo, atusindikize. Hakuweka mzaha wowote. Nimemshukuru.

Sasa mlango umefungwa. Rukia amelala mkekani, ngumi mdomoni. Nimeitoa mara mbili, ameirudisha. Mama amekaa karibu yake anampepea kwa ncha ya mtandio, na ameniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea, "Hiyo risasi ikishaingia mwilini, hutoka?"

Nimemwambia maktaba ya chuo naweza kuifungua hata nikiwa hapa, kwa simu, nywila ni ile ile. Akasema basi angalia. Nimeandika swali. Mama amesogea, ameegemea bega langu, anatazama kioo chenye maneno ya Kiingereza asiyoyajua, anasubiri nimsomee.

Kidole kiko juu ya kitufe. Naogopa kubonyeza.