Tonge la Kwanza

Baba,

Ukungu wa Dundori umerudi kukaa mlangoni. Asubuhi nikitoka kukamua naona kofia yako ikielea juu ya viazi, nasimama, nangoja ugeuke. Halafu ukungu unapanda mlimani, na kofia inageuka kuwa kigingi cha ua. Sikasiriki. Ng'ombe wako naye huinua kichwa upande uleule, labda tunaota pamoja.

Nikupe habari za mazishi, maana wewe ulilala tu. Jirani yetu Mama Shiro alitandika shuka nyeupe kwenye viti vya mbele, akakataza mtu kukaa. "Hizo ni za watu wa king," alisema. Hadithi yake unaijua: kwamba wanajeshi walipompindua mfalme wenu kule Ethiopia, mtoto mmoja alitoroshwa ndani ya gunia mgongoni mwa punda, asionekane tena, ila huku kwetu, akiuza maziwa. Ndiyo maana wote walikuita Prinsi. Ukiulizwa ulicheka, ukasema ng'ombe hajakamuliwa. Basi viti vilikaa vitupu mpaka mvua ikavinyeshea. Hakuja mtu.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikuwahi kukuuliza. Mama alituacha nikiwa mdogo, tukabaki wawili mezani, na kila jioni ulikata tonge la kwanza la ugali, ukalichovya kwenye mchuzi, ukanitia mdomoni kwa mkono wako. "Wewe kwanza, Wambo." Siku moja Mama Shiro aliona, akanivuta kando. "Haki hujui? Mtoto wa king lazima aonjewe chakula. Watu wasimwekee sumu." Nilikuwa sijaanza shule, nikaamini. Kila jioni nilitafuna, nikameza, nikangoja kufa. Nisipokufa, ulianza kula. Nilijiona askari wako, Baba. Niliringa hata.

Lakini nilipokua mkubwa swali likaanza kuniuma. Ni baba gani anapima sumu kwa ulimi wa mtoto wake? Uliondoka swali hilo likiwa bado kooni.

Wiki jana nilipeleka viazi mjini, mtaa wa Free Area, kwa mama mmoja wa kwenu aliyefungua hoteli pale. Alinikaribisha kwa ile chapati yenu laini yenye vitundu. Akakata kipande, akakunjia nyama, akakileta mdomoni mwangu. Nikarudi nyuma. "Kwani nakuonjea?" nikamuuliza. Akacheka mpaka akakaa. "Kuonja nini, dada? Hii ni gursha. Kwetu mtu unapenda, unalisha kwa mkono yako. Yeye kwanza."

Nililia juu ya sahani yake, Baba. Wateja walikuwa wakiangalia na sikuona haya. Miaka yote ile nilikuwa nangoja kufa, kumbe nilikuwa napendwa.

Niliporudi nyumbani nililala mchana, nikakuota. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti cha mbele chenye shuka, gambuti zimejaa matope, huna taji, unapuliza tonge lipoe. Nilitaka kukuambia kuwa nimeelewa. Ulikuwa unapuliza tu, polepole, na ukungu ukawa unatoka mdomoni mwako na kujaza shamba.

Kama ulikuwa mtoto wa mfalme sijui, na sitafuti tena. Mama Shiro bado anachungulia barabarani kila gari kubwa likipita. Tumwache.

Pumzika sasa. Nakuahidi meza yetu haitapoa. Mjukuu wako ameota meno ya mbele. Tonge la kwanza ni lake, na nimemfundisha kunirudishia, ingawa mengine yanaishia puani. Siku watu wa king wakifika Dundori kuuliza mrithi aliyepotea yuko wapi, watanikuta mezani.

Wangoje kwanza nimeze.

Wako, Wambo